Namna ya Kumpunja Dumuzi kwa Jasho Kidogo

Una mbao. Umezinunua kwa awamu, tano leo, kumi mshahara ukitoka, na zimelala kwenye chumba cha pagala ambacho siku moja kitakuwa sebule. Juzi umeinua ubao mmoja ukakuta chini yake kichuguu cha unga mweupe, na usoni mwa ubao vitundu vidogo vya mviringo ambavyo hukuvinunua. Usipige kelele wala usikimbilie duka la dawa. Sogea karibu, nikuoneshe njia za mkato.

Sitakuomba uwe mtu mwingine. Nakuchukua hivyo ulivyo: huna muda, hupendi kazi ya kurudiarudia, na ungependa mgeni akiingia kwako apapase mlango aulize, "Mbao hizi umezipata wapi?" Hayo yote ni mtaji. Mdudu huyu hatishiki na bidii ya mtu anayepulizia dawa kila Jumamosi. Anachotishika nacho ni njaa, na kumtia njaa ni kazi rahisi kuliko kumtia sumu, mradi umuwahi kabla hajataga.

1. Jua anachokifuata

Tenga dakika tano tu kwa somo hili, halafu hutasoma tena.

Dumuzi wa mbao si mchwa. Mchwa wa ardhini hutoka udongoni na kujenga vijia vya udongo, kwa hiyo ukiwa na macho utamwona. Dumuzi ni mbawakawa wa milimita chache, wa kahawia, anayeruka, na asiyehitaji udongo wala maji ya kunywa. Anayesumbua zaidi mbao kavu zilizohifadhiwa ni yule ambaye wataalamu wamempa jina la Lyctus. Jike lake likitua juu ya ubao, kwanza huuma kidogo na kuonja. Anatafuta wanga. Wanga huo upo kwenye sehemu nyeupe ya mti, ile ya nje iliyo chini ya gome, ambako mti ulipokuwa hai uliweka akiba yake. Akiupata, huingiza mayai ndani ya vimirija vilivyokuwa vikipandisha maji. Mabuu huanguliwa humo na kula kwa miezi, wakigeuza ubao kuwa unga laini kama poda ya mtoto, huku wakiacha ngozi nyembamba juu ili usijue lolote. Buu akishakomaa na kuwa mbawakawa, hutoboa ngozi ile na kutoka. Tundu lake lina upana wa milimita moja au mbili.

Shika hapo, maana hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha: kwa Lyctus, tundu unaloliona ni mlango wa kutokea. Aliyelitoboa keshaondoka na huenda keshataga kwenye ubao wa jirani. Ukimimina dawa tunduni unaosha chumba ambacho mpangaji wake kahama, ilhali wadogo zake bado wanakula vyumba vya ndani.

Wapo ndugu zake wakubwa zaidi, wenye matundu ya milimita tatu hadi sita, ambao jike huchimba mwenyewe na kuingia na mwili wake wote. Hao hupenda sana mti mbichi na magogo yenye gome. Mianzi nayo ina dumuzi wake. Wote ni ukoo mmoja na wanafuata chakula kilekile.

2. Danganya yadini, mapema

Ushindi mkubwa kuliko wote unapatikana ukiwa bado hujalipa, na hutumii nguvu yoyote isipokuwa shingo.

Ingia yadi ya mbao taratibu, mikono nyuma. Muuzaji atakuita bosi, itika. Atakuonesha uso wa ubao, uliorandwa na kung'aa. Wewe usiutazame. Inama uangalie ncha iliyokatwa. Kwenye mninga, mkongo, mvule na mtiki utaona kiini chenye rangi, na pembeni yake ukanda mweupe au wa manjano hafifu. Kiini hicho mti wenyewe umekwisha kukitia kinga na kukitoa wanga, ndiyo maana dumuzi hakigusi. Ukanda mweupe wa mninga huohuo, mti ambao watu wanausifia kuwa hauliwi, huliwa vizuri sana. Mtu anayekuambia "mninga haubunguliwi" amesema nusu tu.

Sasa gusa ule weupe kwa kidole na useme kwa sauti ya chini, "Mkubwa, weupe umezidi hapa." Kisha nyamaza. Sentensi hiyo inafanya kazi mbili. Inashusha bei, na inakufanya uonekane mtu aliyezaliwa karakana. Najua unalipenda hilo la pili kuliko la kwanza, na hakuna ubaya. Sifa hiyo utaipata Keko ya Dar es Salaam, utaipata Gikomba ya Nairobi, na itakulinda usiuziwe mabaki.

Ukishindwa kupata ubao usio na weupe, pima upana wa kiini peke yake na ulipie huo. Weupe utakatwa nyumbani. Na kama mbao ni nyeupe tupu, kwa mfano za mwembe au za mti wa mpira, jua kwamba unanunua chakula kitupu. Nunua tu ikiwa zimekaushwa na kutiwa dawa, na ikiwa una kazi nazo mwezi huu.

Halafu ziangalie zilizo jirani. Pitisha kiganja chini ya ubao, piga ubao mmoja juu ya mwingine mara moja. Unga ukidondoka, achana na rundo lote, hata zile nzima, hata kwa nusu bei. Mayai hayaonekani kwa macho yako wala ya muuzaji, na bei nafuu ya siku hiyo ndiyo gari litakalowaleta nyumbani kwako.

Mbao za kuezekea ni habari nyingine. Msonobari, kama ule wa shamba la Sao Hill huko Mufindi, hauna vimirija vipana ambamo Lyctus anaweza kuingiza yai, kwa hiyo hawezi kutaga humo. Usiongezewe bei kwa kutishiwa jina lake. Adui wa msonobari ni mchwa wa aina zote mbili: wa ardhini, na yule wa mbao kavu anayeishi ndani ya ubao wenyewe bila kugusa ardhi, hasa Pwani. Utamtambua huyo wa pili kwa uchafu wake. Hatoi unga laini, anatoa vichembe vigumu, na ukivikuza kwa lenzi utaona kila kimoja kina pande sita. Ukijua kutofautisha unga na vichembe, umeshawazidi wengi wanaouza dawa.

3. Kama mti ni wako, uache ujimalize wenyewe

Hii ni kwa mwenye shamba. Unataka kuangusha mti upasue mbao, nawe hutaki gharama ya dawa. Zungushia shina mkato unaoondoa gome lote, uache mti usimame na kukauka miezi kadhaa kabla ya kuuangusha. Wakati huo mti unakula akiba yake mwenyewe, na wanga unapungua sana. Vinginevyo uangushe na uuache na matawi na majani yake yote kwa wiki kadhaa. Majani yataendelea kunyonya. Huna la kufanya isipokuwa kusubiri, na kusubiri unakuweza.

Mianzi na magogo madogo yazamishe majini, mtoni au bwawani, wiki nyingi. Harufu itakuwa mbaya. Iache iwe mbaya. Ni chakula cha dumuzi kinachoozea nje badala ya kuliwa ndani.

4. Panga mara moja, upumzike mwaka mzima

Watu hulaza mbao chini, moja juu ya nyingine, zimebanana, halafu hufunika turubai lisilopitisha hewa. Wameandaa nyumba ya wageni. Wewe tumia nusu siku moja, vizuri, usirudie tena.

Banduza magome yote. Hilo halina mjadala. Weka matofali chini, rundo liwe juu ya ardhi kiasi cha kuweza kupitisha fagio. Kati ya tabaka na tabaka weka vijiti vya unene mmoja, vyenyewe viwe vya kiini au vya msonobari, na vikae juu ya mstari mmoja toka chini hadi juu ili mbao zisipinde. Nafasi hiyo ni ya hewa, na ni ya macho yako: unga ukidondoka utauona kwenye sakafu. Zoa vipande na vumbi la msumeno siku hiyohiyo.

Hapa niseme ukweli ambao wauza mbao hawaupendi. Kukausha peke yake hakumwondoi Lyctus. Anapenda mbao kavu. Anaweza kuendelea mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 8 hivi, na hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa haitakushushia ubao mpaka hapo hata ukiuanika miaka. Kukausha kunakukinga na kuoza, pia na wale wapenzi wa magogo mabichi. Huyu wa wanga bado anabaki, na ndiye ambaye nitakuongezea ujanja dhidi yake hapa chini.

Usihifadhi mbao chumba kimoja na kuni, vitanda vilivyovunjika, mianzi, wala mahindi. Hasa mahindi. Yule dumuzi aliyewaingilia wakulima wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambaye watu walimbandika jina la Scania, alitoka Amerika ya Kati, naye ni wa ukoo uleule wa wala mbao. Hutoboa hata nguzo na kuta za ghala la nafaka na kujificha humo msimu ukipita. Ukitenganisha vyumba, umejinusuru mara mbili bila kununua kitu.

5. Paka upande usioonekana

Nakujua. Utapaka vanishi uso wa meza, utapaka miguu yake kwa mbele, utarudi nyuma hatua tatu uitazame, utaridhika. Chini ya meza utaacha ubao mtupu kwa sababu hakuna mgeni anayelala sakafuni.

Dumuzi hana haja na uso wa meza. Vanishi na rangi huziba vimirija, na jike asipopata mdomo wa kimirija hawezi kutaga. Kwa hiyo huzunguka, huingia chini, nyuma ya kabati, ndani ya droo, kwenye mgongo wa fremu ya mlango unaotazama ukuta. Karibu kila kabati lililobunguliwa limeingiliwa kwa mgongo.

Basi geuza utaratibu wako. Anza na upande usioonekana, ukiwa bado na nguvu na rangi ya kutosha. Tumia rangi iliyobaki, ya rangi yoyote, hata kama haifanani. Huko hakuna atakayeona. Halafu malizia uso, ambao kwa hakika hutausahau kwa kuwa ndio utakaokusifu. Fremu za milango zipake pande zote nne kabla fundi hajazipachika, maana akishapiga sementi umechelewa milele. Simama pale siku ile, fundi akikuambia "bosi, huku nyuma hakuna haja," mwambie haja ipo.

Ila ukumbuke: rangi humzuia anayetaka kuingia. Aliye ndani tayari atakula chini ya vanishi mpya na kuitoboa siku yake ikifika. Hivyo hakikisha kwanza ubao uko safi, kisha ndipo upake.

6. Dawa ya mvivu, na zile za kuogopa

Ukitaka dawa moja tu, chagua boraksi au unga mwingine wa jamii ya boroni ulioyeyushwa kwenye maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Unapaka au unachovya mbao kabla ya vanishi, wakati uso bado mtupu. Hupenya vizuri zaidi ubao ukiwa na unyevunyevu, kwa hiyo mbao mbichi zilizotoka kupasuliwa ndizo zinazofaidi zaidi. Buu akila ubao huo hafiki mbali. Udhaifu wake ni mvua: boroni huyeyuka na kuoshwa. Ndani ya nyumba inatosha, nje haitoshi.

Kwa nje na kwa paa, nunua msonobari uliotiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo, ule wenye rangi ya kijani kijani. Dawa hiyo mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki, uliobuniwa India mwaka 1933. Ukiukata ubao huo, ncha mpya haina dawa ya kutosha, hivyo ipake tena. Na vipande vinavyobaki usivipeleke jikoni kamwe. Usivichome kupikia, usichomee nyama, usimpe mama ntilie wa kona ile kwa wema. Aseniki haiungui, inakwenda kwenye moshi na kubaki kwenye majivu. Vifukie mahali taka zinakokusanywa, mbali na bustani ya mchicha na banda la kuku. Katika yote niliyokuruhusu uzembee, hili halimo.

Oili chafu ya gereji nayo iache. Najua jirani anaipaka, najua ni bure. Haizami, inakaa juu, inanuka, inakataa rangi yoyote utakayopaka baadaye, inashika moto haraka na inachafua udongo unaochimbia kisima. Unamaliza siku nzima kupaka kitu ambacho kitakufanya uaibike mbele ya fundi wa rangi.

Na zile dawa za mahindi. Unga wa kuchanganya na nafaka haukutengenezwa kwa ajili ya ubao. Vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini ndivyo vinavyonitia hofu zaidi: vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi inayoua, inayopita chini ya mlango na kwenye nyufa hadi chumba cha pili walikolala watoto. Usiviweke chini ya rundo la mbao nyumbani, hata kama aliyekushauri ameshafanya na hakudhurika. Kazi ya gesi ina wenye leseni, vipimo na turubai maalumu. Tena gesi ikishapeperuka haiachi kinga yoyote; dumuzi mpya anaweza kutua kesho yake.

7. Wameshaingia. Jua kama bado wapo

Usitumie shilingi kabla ya kujua kama unapigana na waliopo au na waliokwishaondoka miaka mitano iliyopita.

Zoa unga wote. Tandika karatasi nyeusi chini ya ubao au kabati. Kisha ziba kila tundu kwa nta iliyochanganywa na vumbi la msumeno la rangi ileile. Kuziba huku hakumuui mtu, lakini kunakupa mambo mawili kwa kazi moja: kabati linapendeza mbele ya wageni leo, na tundu jipya likitokea kesho utalijua mara moja kwa kuwa ndilo pekee lililo wazi. Andika tarehe kwa penseli nyuma ya ubao. Nenda kaendelee na maisha yako.

Rudi baada ya miezi michache, hasa baada ya majira ya joto. Karatasi ikiwa safi na hakuna tundu jipya, umeshinda bila vita. Unga mpya, mweupe, usio na vumbi juu yake, ukikutwa kwenye karatasi, basi wapo.

Kitu kidogo, kama kinyago, mwiko, kibao cha mbuzi au fremu ya picha, kiingize kwenye friza. Kifunge ndani ya nailoni, utoe hewa, ukiache wiki mbili kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Ukikitoa usikifungue mpaka kirudi joto la chumba, unyevu usije ukatanda juu ya mbao. Kinyago cha mpingo halisi chenye kiini cheusi kitupu hakihitaji haya. Kikianza kudondosha unga, kigeuze: ama fundi aliacha weupe wa mpingo mahali fulani, ama umeuziwa mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu. Usimwambie mtu. Kiweke friza, kirudishe kabatini, kiendelee kupendeza.

Kwa mbao ndefu tumia jua. Ziweke zilizo nyembamba kwenye uwazi, zifunge kwenye nailoni nyeusi bila upenyo, na uingize kipimajoto katikati. Kipimo cha kulenga ni kilekile cha mapaleti ya bandarini. Kanuni ya kimataifa iliyopitishwa mwaka 2002 inataka mbao za vifungashio zinazovuka mipaka zipashwe moto mpaka katikati ya ubao ifike nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. Katikati, siyo juu. Ubao mnene utahitaji saa nyingi, na siku ya mawingu haitafika. Huna kipimajoto? Rudia siku kadhaa za jua kali, ukigeuza mbao.

Na kwa kuwa tumeyataja mapaleti: ukitaka kutengeneza kochi la baraza kwa mapaleti kama wanavyofanya vijana siku hizi, tafuta muhuri wenye alama ya suke la ngano na herufi HT. Hayo yalipashwa moto. Yenye MB yalifukizwa gesi ya methili bromidi, yapite. HT nayo inakuhakikishia ya jana tu. Ukilaza paleti hilo chini ya mwembe miezi sita, dumuzi wa mtaani kwako hatasoma muhuri.

8. Shindwa vizuri

Kuna mbao utazipoteza. Jambo la muhimu ni kuzipoteza mapema na bila kuambukiza wengine.

Chukua bisibisi uchome ule weupe kila baada ya shubiri moja. Pale inapozama bila ubishi, pamekwisha. Sasa fanya kitu ambacho wengi hawakifanyi kwa uchungu wa fedha: peleka ubao kwa mwenye msumeno wa mashine, kata weupe wote, ulioliwa na usioliwa. Kinachobaki ni kiini, na kwa mninga au mkongo kinaweza kuwa kizima kabisa. Ubao wa inchi kumi umekuwa wa inchi saba. Rafu ya inchi saba ni rafu nzuri, na ukiulizwa, ndivyo ulivyotaka iwe.

Ule weupe uchome leo. Usiuweke kando ya ukuta usubiri siku ya kupika pilau. Ndani yake kuna wanaokomaa. Ikiwa ubao ulitiwa dawa, unajua tayari kwamba hauchomwi.

Mbao za weupe mtupu zilizobunguliwa usizipandishe paani wala usizifanye ngazi. Ngozi yake inaonekana nzima na ndani ni unga. Usimpe shemeji kwa ajili ya banda la mbuzi. Usimuuzie fundi asiyejua. Hapo ndipo ujanja wetu unapokoma: tunampunja dumuzi, hatumpunji mtu atakayekalia kiti.

9. Nunua mbao mwisho

Sasa siri yenyewe, niliyoiweka hapa kwa makusudi ili uisome ukiwa umeshachoka na njia nyingine zote.

Mbao zako zimeliwa kwa sababu zimekaa. Ulinunua mapema kwa kuogopa bei kupanda, na pia, tusifichane, kwa sababu rundo la mbao kwenye kiwanja linawaambia majirani kwamba unajenga. Hamu hiyo ya kuonekana ni halali. Ielekeze tu kwenye vitu visivyoliwa. Fedha ikiingia, anza na mawe, kokoto, nondo na mabati. Nondo zitashika kutu kidogo ukizizembea, bati litapauka, lakini hakuna mdudu atakayeonja na kutaga. Rundo la matofali kiwanjani linaonekana toka barabarani vizuri kuliko mbao zilizofichwa chumbani.

Kwa mbao, tafuta yadi unayoiamini, chagua ukubwa na idadi, kisha lipa kidogo kidogo kwa risiti iliyoandikwa aina ya mti, vipimo na idadi ya vipande, pamoja na maneno kwamba utachagua mwenyewe siku ya kuchukua na kukataa zenye weupe. Wenye yadi wengi watakubali, maana fedha yako wanaizungusha. Siku kuta zikifika juu na fundi wa paa akisema yuko tayari Jumatatu, wewe nenda yadini Jumamosi. Inama, angalia ncha, sema lile neno lako kuhusu weupe kama si msonobari, pakia gari, na kabla kitu hakijapanda juu, chovya ncha zote zilizokatwa kwenye dawa.